Mwezi Ule wa Juu

Ng'ombe ndiye aliyepandishwa kwanza. Wanaume wanne walimvuta kwa kamba, wa tano akamsukuma kwa bega, na alipofika juu ya lori alisimama katikati ya vitanda na magunia ya viazi, akageuka kutazama boma lake kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Nyuma yake likapanda tenga la kuku, likapanda jiko la makaa likiwa bado na majivu, kisha ukapanda mlango. Mlango mzima, na bawaba zake.

Gikonyo alikuwa amesimama kando ya barabara ya Endarasha, kofia mkononi, buti zimejaa tope la mvua za Elinino. Alikuwa amepiga kelele tangu Jumapili na sasa ilikuwa Jumatano. Sauti ilikuwa imebaki kidogo tu, na hiyo kidogo akaitumia kwa huo mlango.

"Ngatia! Mtu anakimbia mlima wa moto na mlango?"

"Hii ni ya mutarakwa, mzee, mbao haijui mchwa," Ngatia akamjibu kutoka juu ya lori, huku akikaza kamba. "Siwezi achia volkeno mlango ya mutarakwa."

"Hakuna volkeno!"

"Ati hakuna? Na si ni wewe uliandika?"

Waliokuwa wakipakia wakacheka, lakini mikono haikusimama. Gikonyo akavaa kofia, akaivua tena. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Ni kweli, ni yeye aliyeandika.

Mambo yalianzia kwenye kibanda cha mawe pembeni mwa shamba la dada yake mkubwa, Waithira. Watu wa chuo kutoka Nairobi walikijenga miaka minne kabla ya hapo. Walichimba shimo, wakamwaga saruji, wakaweka chini chombo cha kusikiliza ardhi, na juu yake mashine yenye pipa linalozunguka polepole na kalamu inayochora mstari kwenye karatasi. Ardhi ikitulia, mstari unanyooka. Ardhi ikitikisika, hata mbali sana, hata usipohisi kitu kwenye unyayo, kalamu inacheza. Majirani waliiita redio ya mlima. Watu wa chuo walitaka mtu wa kubadilisha karatasi kila asubuhi saa tatu, kuangalia betri na kufukuza panya, na Waithira akawaambia, "Chukueni huyu ndugu yangu. Labda mashine itamfunga mguu."

Maana Gikonyo alikuwa mtu wa miguu. Aliacha shule mara tatu katika wilaya tatu. Alikuwa amekata mkonge, amepika kwenye kambi za barabara, amechunga ngamia wa watu, na kwa miaka sita alifanya kazi bandarini Mombasa, kazi ya kusoma mti wa maji: nguzo yenye namba iliyosimama ndani ya bahari, unaitazama kila saa na kuandika maji yamefika wapi. Na kila aliporudi kutoka huko alikokuwa, mlango uliofunguka ulikuwa wa Waithira. Hakumwuliza alikuwa wapi. Alimwuliza kama amekula.

Ekari tatu zile Waithira alizipata kwa kusimama foleni ya mashamba siku nne na mtoto mgongoni, wakati mumewe amelazwa hospitali. Mume alizikwa papo hapo, chini ya mstari wa miti ya fito. Na kesho, Alhamisi, bodi ya ardhi ingekaa Mweiga, na Waithira angesimama mbele yake aseme ndiyo, nimekubali kuuza, Moffat achukue. Akishasema ndiyo, basi, hakuna kurudi. Na angesema kwa ajili ya neno moja ambalo Gikonyo aliliandika vibaya. Au aliliandika vizuri wakalisoma vibaya; kesi hiyo alikuwa bado anaisikiliza kichwani mwake.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na saba, mlima mmoja wa zamani wa moto kule Bonde la Ufa, ng'ambo ya Nyandarua, ulianza kujikuna. Ndivyo alivyosema Daktari Kagwiria, mama wa Kimeru aliyesimamia mashine kutoka Nairobi. Mitetemo midogo, mamia kwa mamia, ya kuchezesha kalamu tu.

"Usiogope, baba," alimwambia. "Iko mbali na ni midogo. Wewe badilisha karatasi. Ukiona kitu, niandikie. Andika kwa Kiswahili, usijisumbue na Kingereza."

Gikonyo akaona kitu. Baada ya wiki tano alizitandika zile karatasi kwa mpangilio sakafuni kwa Waithira, kutoka mlangoni mpaka jikoni, akasimama juu ya kiti. Mistari ilinenepa siku kadhaa, ikakonda, ikanenepa tena. Na hata ndani ya siku moja ilikuwa na saa zake. Akaona kama anamwona mtu anayemfahamu, jina limempotea. Akashuka kwenye kiti, akafungua sanduku lake, akatoa kitabu cha maji cha bandarini cha mwaka wa sabini na tisa, kilichoandikwa saa za kujaa na kupwa kwa kila siku. Mzee Athmani wa gatini ndiye aliyempa, akamwambia asikitupe: mwezi ukishapita miaka kumi na tisa hurudi palepale tarehe ileile, na maji yake nyuma. Kitabu cha sabini na tisa kingefaa tena tisini na nane. Akasogeza kidole ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa anajaribu cha mwaka mmoja mbele, kwa hiyo tarehe zilipishana, lakini alihesabu kwa mwezi badala ya tarehe, ikaingia kama ufunguo.

"Bamvua!" akasema kwa sauti, peke yake.

Ndilo jina la pwani la zile siku ambazo mwezi umejaa kabisa au umepotea kabisa, na bahari inapanda kupita kawaida na kushuka kupita kawaida. Akaandika Nairobi: *Mitetemo inafuata bamvua.*

Jibu lilikuja kutoka kwa karani fulani. *Tumepokea ripoti yako kuhusu mvua. Mvua nyingi ni ya kawaida msimu huu. Tafadhali ziba paa.*

Gikonyo akaandika tena, kwa herufi kubwa: *BAMVUA, SI MVUA.* Wakamtumia mabati manne.

Januari akajaribu mara ya tatu. Barua zote za pale zilipitia ofisi ya Nderitu, sabchifu, kwa kuwa sanduku la posta lilikuwa lake, na alizifungua zote, akisema ni kwa usalama. Nderitu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusaidia, na hao ndio wanaochosha.

"Mzee Gikonyo," akasema, karatasi mkononi, "hii bamvua ni kitu gani? Hapa hatuna hiyo. Andika kitu watu wanajua."

Gikonyo akafikiri, kijana ana maneno. Akaketi pale pale kwenye benchi akaandika upya: *Mitetemo inaongezeka na mwezi.*

Nderitu akaisoma, akapiga muhuri, akaisoma tena. Kisha akaihesabu kwa siku chache. Na Jumapili ile, watu wakitoka kanisani, akapanda juu ya jiwe akawatangazia kwa sauti ya serikali kwamba mtaalamu wao mwenyewe ameandika Nairobi kuwa mitetemo inaongezeka mwezi baada ya mwezi, kwamba Oktoba ilikuwa na Novemba ikazidi na Disemba ikazidi, na kila mtu ahesabu mwenyewe itakuwaje ikifika Aprili.

Watu hao walikuwa wamesikia mlima ukiporomoka Othaya kwa mvua na kushuka na majani ya chai ya mtu mpaka mtoni. Hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Mwezi!" Gikonyo akapiga kelele kutoka nyuma. "Nilisema mwezi, si mwezi!"

Wakageuka kumtazama.

"Mweri!" akasema kwa Gikuyu, akidhani amejiokoa.

"Ndio, mweri," wakamwitikia, maana Gikuyu nayo ina neno moja tu kwa kile cha angani na kile cha kalenda. Basi akainua mkono akaonyesha juu. Ilikuwa mchana, na mawingu yamefunga. Watu wakafuata kidole chake, wakaona anaonyesha mbinguni, na wanawake wawili wakaanza kulia.

Na Jumatatu Moffat akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Moffat alikuwa mfanyabiashara wa Mweiga, mwenye pikapu na huruma nyingi. Alisema yeye haogopi moto, ameshaishi maisha yake, na kama mtu anataka kuondoka asiache ardhi ikae bure.

Sasa Waithira alitoka nyumbani, leso kichwani, kiondo begani, akafunga kufuli. Alikuwa anaelekea Mwea kwa binti yake Wacera, aliyeolewa na mkulima wa mpunga. Lori lingemshusha Mweiga kwanza alale huko, ng'ombe wake akitangulia Mwea, bodi kesho, kisha basi.

"Mama Wacera," Gikonyo akamwendea. Akiwa na jambo kubwa hakumwita kwa jina. "Nipe saa moja. Moja tu. Njoo uone mashine."

"Nimeiona miaka nne."

"Umeiona, hujaitazama. Leo ni mwezi mzima. Mombasa maji yatajaa saa kumi na nusu jioni. Na kalamu huwa inacheza saa nne kabla ya maji kujaa. Saa sita na nusu, utaiona inaanza kucheza. Saa tisa italala. Nimekuambia kabla, sawa? Nikisema kweli, utajua si mlima wetu unaamka. Ni saa yake tu, kama ya mtu wa chai."

Waithira akamtazama. "Maji ya Mombasa itasukuma mlima ya huku namna gani? Iko na mikono?"

Hilo ndilo lililomkata maini kila mara. Alijua ni lini. Hakujua ni kwa nini. Angesema nini? "Sijui," akasema. "Mimi najua saa tu."

"Hujui." Akaweka kiondo chini, akakiinua. "Wewe mwana wa mama, umetembea kila mahali na hujui."

"Saa moja!"

Dereva wa lori alikuwa chini ya gari akifunga kitu kwa waya. Waithira akaangalia ile miguu iliyotokeza, akapiga ulimi. "Hata hii gari haiendi saa hii. Haya. Twende niione hiyo saa yako."

Walivyokuwa wanaenda wakafuatwa na wengine, maana lori lilikuwa halijatengenea na hakuna kazi inayochosha kama kukimbia ukiwa umesimama. Ngatia alikuja. Nderitu akaja na baiskeli yake, na saa yake ya mkononi ya serikali. Wakajazana mlangoni mwa kibanda, kumi na wawili hivi, na Waithira akapewa kigoda mbele karibu na pipa.

Saa sita na nusu ikafika. Mstari ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi.

"Imefika," akasema Nderitu.

"Ngoja."

"Imepita dakika tano."

"Nimesema ngoja! Hii si treni."

"Ulisema na nusu, mzee. Serikali huandika saa kamili."

Saa saba kasoro kumi. Mtu akapiga miayo. Ngatia akasema ameacha kuku juani. Gikonyo akaanza kuichukia mashine kama mtoto anayejua kuimba nyumbani na kunyamaza mbele ya wageni. Waithira akashika kiondo chake.

Kalamu ikatikisika.

Kidogo tu, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Kisha tena. Kisha ikaruka kulia na kushoto, ikachora donge jeusi, ikatulia, ikaruka tena, krr, krr, krr, na pipa likizunguka taratibu bila haraka chini yake.

"Mnaona!" Gikonyo akapaza sauti, mikono juu. "Si niliwaambia? Mnaona!"

Waliona. Waliona kwa macho yao kile ambacho tangu Jumapili walikuwa wakiambiwa tu, na yule mzee akirukaruka kando yake akifurahi. Mwanamke mmoja akasema jina la Yesu. Kisha mlango ukabaki wazi na mwanga ukaingia, kwa sababu hakukuwa na mtu tena wa kuuzuia. Walikuwa wanakimbia. Nderitu alikuwa mbele juu ya baiskeli, akipiga kengele kana kwamba barabara ina watu. Kule chini lori likakohoa, likashika. Ule waya wa dereva, uwe ulifunga nini, ulipata kufaa kwa hofu.

"Rori inaenda! Rori inaenda!"

"Waithira yuko hapa!" Gikonyo akapiga kelele kutoka mlangoni. "Ngojeni! Ng'ombe ni wake!"

Lori likapanda mteremko likiwa na watu wananing'inia, na nyuma kabisa, juu ya ule mlango wa mutarakwa, kichwa cha ng'ombe kikiwatazama. Likapinda kona. Halafu kukawa kimya, isipokuwa krr, krr, krr.

Gikonyo akaketi juu ya kizingiti. Alitaka kucheka, lakini cheko halikujua litokee wapi. Katika maisha yake alikuwa amesema uongo mwingi, kwa mapolisi, kwa makarani, kwa akina mama wenye nyumba, na wote waliamini. Ukweli mmoja tu ndio alikuwa nao, na angalia.

Nyuma yake Waithira hakuwa amesimama. Alikuwa amezeeka, alipotaka kuinuka, wengine walikuwa wameshafika barabarani.

"Wameenda na ng'ombe yangu," akasema.

"Wameenda naye."

"Na kitanda."

"Na kitanda."

"Sasa nimebaki na wewe na hii kitu." Akaitazama kalamu. "Haya. Kama ni kufa, hata chai sijakunywa."

Gikonyo akapika chai kwenye jiko lake dogo la mafuta, ya majani tu bila maziwa, maana mwenye maziwa alikuwa njiani kwenda Mwea. Wakanywa. Hawakuwa na la kufanya, na ndiyo mara ya kwanza tangu Jumapili. Saa nane kalamu ilikuwa inaruka mara mojamoja. Saa nane na nusu ikapunguza. Waithira hakuondoa macho.

Saa tisa kasoro robo ikanyooka. Wakangoja. Saa tisa. Saa tisa na robo. Imenyooka.

"Imelala," akasema Waithira.

Gikonyo akakusanya vikombe.

"Zile karatasi zako ziko wapi? Zile ulinichafulia nazo nyumba."

Akamletea. Waithira akaziweka mapajani, akalowesha kidole kwa ulimi, akaanza kufunua moja moja kama anayetafuta unga ulioingia wadudu. Hakusoma, alitazama unene. Akafika kwenye moja nyeusi sana.

"Hii ni tarehe gani?"

"Kumi na nne Disemba."

Akafunua. "Na hii?"

"Kumi na mbili Januari."

Waithira akasimamisha kidole. "Kumi na mbili. Hiyo siku Moffat alikuja na watu wake kunibembeleza wakate miti ya fito, nikawafukuza. Nani anakata fito mwezi ikiwa imejaa? Mti iko na maji mpaka juu. Fito zote zinaliwa na wadudu mwaka haujaisha." Akafunua tena. "Na hii nyeusi nyingine?"

"Ishirini na nane, mwezi huo huo."

"Tulikuwa matanga kwa kina Nduta. Tulirudi bila kuona hata mkono, hakukuwa na mwezi kabisa, nikaanguka kwa mtaro." Akarudisha karatasi nyuma, akaangalia zile za katikati, nyembamba, zenye mistari ya kunyooka. Akazihesabu kwa midomo. Kisha akainua macho, na macho hayo yalikuwa na hasira.

"Gikonyo. Hii ni mwezi."

"Nimesema hivyo tangu Novemba!"

"Hukusema. Wewe ulisema mwezi. Hii ni mwezi ile ya juu."

"Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo hiyo! Nilionyesha hata kwa kidole!"

"Inapandisha maji kwa mti. Hiyo najua. Mama alijua. Sasa inashindwa aje kuvuta kitu chini ya mlima? Wewe unaniletea Mombasa. Mimi nimewahi fika Mombasa?"

Gikonyo akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Na kwa hivyo haiongezeki," Waithira akaendelea, akigonga karatasi kwa kucha. "Inaongezeka, inapungua. Inaongezeka, inapungua. Tangu Oktoba iko hivyo tu."

"Hivyo tu."

"Sasa mbona hukuandika inapungua?"

Gikonyo aliiona barua ile mbele yake, mwandiko wake mwenyewe, muhuri wa Nderitu. *Mitetemo inaongezeka na mwezi.* Pwani hakuna mtu angeuliza. Pwani ukisema bamvua, hata mtoto anajua wiki ijayo ni maji mafu, bahari imelegea, haipandi wala haishuki sana. Huhitaji kuliandika. Yeye alikuwa ameileta nusu moja huku juu, na nusu nyingine ameiacha Mombasa.

"Neno moja," akasema Waithira. "Na ng'ombe yangu iko barabarani."

Saa kumi hivi, pikapu ya Moffat ikaingia uani. Alishuka akiwa na koti la mvua na uso wa mazishi.

"Mama, pole sana. Nimesikia wamekuacha. Nimekuja kukuchukua mimi mwenyewe. Utalala kwetu, mke wangu amepika, kesho saa nne nakupeleka bodi. Huko hutasumbuliwa, utasema ndiyo tu."

Waithira alikuwa mlangoni mwa kibanda, karatasi bado mkononi. Alikuwa anatazama nyuma ya pikapu, ambako fito mbichi zilikuwa zimefungwa tita moja kubwa, maganda yake bado yanatoa maji.

"Moffat. Hizo fito umetoa wapi?"

"Hizo? Aa, mama, ni kwa ile laini ya pale chini. Si tumeshakubaliana, nikasema vijana waanze..."

"Umekata leo?"

"Asubuhi."

"Leo. Mwezi ikiwa imejaa." Akatikisa kichwa polepole, kama anayemwona mtu amekojoa kisimani. "Zitaliwa zote. Na ni kwa kaburi ya Baba Wacera ulipita. Shusha fito zangu."

"Lakini mama, volkeno..."

"Volkeno gani? Hii kitu inalala saa tisa. Muulize huyu, atakueleza, ukiwa na siku mbili." Akamgeukia Gikonyo. "Msaidie kushusha. Wewe ndiye ulileta maneno."

Wakashusha fito, Gikonyo upande mmoja, Moffat upande mwingine, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Moffat akasema atarudi asubuhi labda mama akilala atafikiri. Mama akamwambia bodi haijawahi kupitisha shamba la mtu asiyekuwepo, na yeye kesho atakuwepo hapa, anapanda viazi.

Moffat hakurudi.

Daktari Kagwiria alifika Jumamosi, barabara ilipopitika. Alisoma karatasi zote akiwa amesimama, kisha akaketi chini. Alimweleza Gikonyo kwamba mwezi hauvuti bahari peke yake, unavuta na mawe, na kwamba pale alipoketi ardhi inapanda na kushuka mara mbili kwa siku kiasi cha futi moja bila mtu kujua, na mahali palipokwisha kukaribia kuvunjika panasukumwa na hicho kidogo. Bahari ya Mombasa huchelewa saa nne kwa sababu maji yana safari ya kuzunguka. Mwamba hauna safari, unapanda hapohapo. Gikonyo alimwuliza mbona hakumwambia mapema. Kagwiria alisema hakuwahi kuulizwa. Barua zote alizoonyeshwa zilihusu mvua.

Mitetemo kule Bondeni ilikwisha yenyewe mwezi wa tano. Hakuna kilicholipuka.

Familia kumi na moja ziliondoka siku ile. Saba zilirudi kabla ya Pasaka. Nne zilikuwa zimeshapita bodi, na mashamba yao yakawa ya Moffat, akayazungushia waya akapanda maua ya kuuza ng'ambo. Ngatia alikuwa mmoja wa hao wanne. Alikodi chumba Karatina, na mlango wa mutarakwa haukuingia kwenye fremu, akaugeuza meza.

Nderitu alipandishwa cheo mwaka uliofuata kwa kuhamisha watu bila hata mmoja kuumia. Alipelekwa kata nyingine.

Daktari Kagwiria aliandika makala ndefu kwa Kiingereza. Mwishoni alimshukuru Bwana Kikonyo wa Ndarasha.

Mashine iliondolewa mwaka wa tisini na tisa, bajeti ilipoisha. Kibanda kilibaki, na Waithira akaweka humo mbegu za viazi. Zile fito alizitumia kwa ua kwa sababu zilikuwa zimeshakatwa, na zililiwa na wadudu zote.

Gikonyo alikaa mwaka mmoja na miezi miwili, muda ambao kwake ni mwingi, kisha akaenda upande wa Isiolo, ambako mtu alimwambia kuna kazi ya kisima. Kitabu cha maji alikiacha kwa dada yake. Ukimwuliza, anasema alikisahau.

Ng'ombe alifika Mwea salama. Wacera alisema anatoa maziwa vizuri na wakakubaliana asisumbuliwe tena na lori. Alibaki huko.